Bidhaa za Kupigia Picha

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima, na hamu yangu ya kukuona ambayo haina kipimo. Naomba barua hii ikukute unatembea vizuri, na lile goti lako lisiwe linakusumbua kama wakati ule wa baridi. Shemeji yangu je, kifua kimetulia? Na wanangu wote hapo hawajambo? Huku sisi tunapumua. Watoto wanakwenda shule, paa halivuji, na mimi siumwi mahali popote ambapo daktari anaweza kuweka kidole.

Nimeona nikuandikie kwa mkono kwa sababu ule ujumbe wako wa simu kuhusu mume wangu siwezi kuujibu kwa sauti. Uliniuliza shemeji yako ameanza lini kulamba viatu vya watu. Hukukosea kuuliza. Video uliyotumiwa wewe hata mimi nimetumiwa, tena na watu ambao zamani hawakuwahi kunitumia hata salamu ya sikukuu. Nakuomba usome taratibu mpaka mwisho, ndipo umhukumu unayetaka kumhukumu.

Duka letu unalijua, ulishalala kwenye chumba chake cha nyuma. Unajua pia kwa nini mtaa mzima ulimwita mume wangu Bei Moja. Hakimu, mpagazi na mlevi wote walilipa sawa. Sukari ilipoadimika hakuongeza, na mtu alipobembeleza hakupunguza. Mama yetu mwenyewe, unakumbuka, aliwahi kuja kununua kiberiti akadai apunguziwe kwa kuwa ni mkwe. Akaambiwa kwa adabu zote kwamba bei ni ile ile, ila kiti cha kukalia ni bure. Mama alicheka mpaka akasahau kiberiti chenyewe. Kwa jina hilo tuliishi, na kwa jina hilo watu walituma watoto wao dukani bila wasiwasi.

Kisha ikaja supamaketi. Walichukua lile jengo la sinema lililokufa, mbele yetu kabisa, wakalipaka rangi, wakaweka vioo na taa za kutia watu makengeza. Siku ya kufungua walipiga muziki na kugawa mikate. Shemeji yako alivaa shati safi, akavuka barabara kwenda kumpa mkono meneja na kumkaribisha kama mtu anavyomkaribisha jirani mpya. Aliporudi aliniambia mle ndani kuna baridi kama chumba cha maiti, na kwamba nisihofu, kwa sababu wale wanataka watu wa katoni na sisi watu wetu ni wa nusu na robo.

Siku za mwanzo nilimwamini. Halafu tukaja kugundua kwamba sukari kwao ilikuwa rahisi kuliko bei ambayo sisi tulinunulia kwa muuzaji wa jumla. Mume wangu akaenda kumuuliza yule bwana wa jumla. Akajibiwa kwamba hata yeye anashangaa, ila wenzetu wanapakia malori kiwandani moja kwa moja na kiwanda kinawasikiliza. Basi ikawa wenye maduka wa mtaa mzima tunajipanga foleni supamaketi, tunanunua sukari yao, tunakuja kuipima upya na kuiuza. Shemeji yako aliona aibu kwenda, akanituma mimi. Baada ya muda mfupi wakabandika tangazo kwamba mteja mmoja pakiti mbili tu. Nikaanza kwenda na watoto, kila mmoja na pakiti zake mbili, tumetawanyika kwenye foleni kama watu wasiojuana. Mlinzi wa mlangoni akaniambia, huku anacheka, kwamba familia yangu inapenda sana chai.

Hata hivyo sukari haikutumaliza. Kilichotumaliza ni siku walipoanza kuuza mafuta kwenye vichupa vidogo na sabuni iliyokatwa vipande. Ile nusu na robo tuliyojivunia, wakaja kuichukua mikononi mwetu. Ungesimama mlangoni kwetu jioni ungewaona wateja wetu wa miaka mingi wanapita na mifuko yao ya supamaketi, na wakifika usawa wetu wanaihamishia mkono wa upande wa pili ili tusiione. Wakiwa na hela mkononi walikwenda kule. Wakiishiwa, wakarudi kwetu kukopa. Mume wangu alikuwa akisema, "Sisi wanatuletea shida zao. Furaha wanaipeleka ng'ambo ya barabara."

Wenye maduka wakaanza kukutana kwenye chumba chetu cha nyuma. Alikuwapo Mama Vifungo, yule muuza nyuzi na zipu, na Misumari wa duka la vifaa vya ujenzi, na wengine ambao huwajui. Walikuwa na maombi mawili ya maana. Kwanza, wapewe nafasi ya kununua kiwandani kwa pamoja, kama mnunuzi mmoja. Pili, ada ya leseni ipunguzwe, maana mwenye kijiduka alikuwa akibanwa nayo wakati mwenye jengo la vioo alisamehewa kwa kuwa ni mwekezaji. Wakamchagua Bei Moja awe msemaji. Alikwenda ofisi za watu mpaka viatu vikaisha soli, na siku moja akarudi uso unang'aa, akasema msaada unakuja.

Dada, msaada ulikuja kweli. Ulikuja ukiwa na jina refu, la kuinua maduka madogo, na mwanamama mmoja mchangamfu ambaye sisi tulimwita Bi Mradi. Walitukusanya kwenye ukumbi wa hoteli, tukaletewa kijana wa suti ya kubana aje kutufundisha biashara. Alitufundisha kutabasamu. Alisema mteja hununua kwanza sura ya muuzaji, kisha bidhaa. Misumari akanyoosha mkono akauliza kama tabasamu linashusha bei ya saruji. Ukumbi ukaangua kicheko. Yule kijana akaliandika swali ubaoni, akasema tutalirudia baadaye, na hakulirudia. Kuhusu kununua kiwandani, Bi Mradi alisema hilo ni suala la sera. Kuhusu leseni, akasema hilo ni la ofisi nyingine. Jioni tukapewa cheti, mwavuli na aproni.

Tulipofika nyumbani ndipo tukaona maandishi madogo chini ya ile aproni. Mmoja wa wafadhili wa kutuinua alikuwa ni supamaketi yenyewe. Mama Vifungo alichukua wembe akalifumua lile jina uzi kwa uzi, akabaki na aproni safi, akaivaa. Sisi wengine tulizitumia kufutia kaunta.

Sasa nifike kwenye picha. Bi Mradi alikuja dukani na mpiga picha, akasema mume wangu amechaguliwa awe mfano wa waliofanikiwa. Nadhani walimpendea sura, na lile jina lake linalojulikana. Mpiga picha akaangalia rafu zetu, akamnong'oneza. Kwa miezi kadhaa tulikuwa tukivuta makopo mbele mpaka ukingoni ili nyuma pasionekane patupu, lakini kamera haidanganyiki kama mteja. Bi Mradi akatoka nje akapiga simu. Kabla chai haijapoa, vijana wa supamaketi wenye sare wakavuka barabara wakisukuma matoroli yaliyojaa. Unga, mchele, maziwa ya kopo, sabuni, biskuti za watoto. Wakapanga mpaka juu kabisa karibu na dari.

Nikwambie ukweli, nilifurahi. Nilijua si vyetu, na bado nilipita nikiigusa ile mifuko ya mchele kama mtu anayegusa mashavu ya mtoto. Hata siku tuliyofungua duka halikuwahi kupendeza vile.

Akaingia yule bibi anayekaa nyumba ya pembeni, ambaye macho yamempungukia lakini miguu bado ina nguvu. Akasimama, akapiga makofi kwa furaha.

"Kumbe mmeleta mzigo! Nilisema mimi, Bei Moja hawezi kufa kirahisi. Nipe unga hapo, mwanangu, nisivuke barabara."

Mume wangu akamjibu, "Bibi, huu hauuzwi."

"Hauuzwi? Kwani ni pambo?"

"Ni wa kupigia picha."

Bibi alidhani hakusikia vizuri. Akafungua fundo la kitambaa chake akamwonyesha hela. "Mimi sikopi leo. Hela hii hapa. Unaninyima unga na hela ninayo?"

Shemeji yako alimwangalia Bi Mradi. Bi Mradi akatikisa kichwa, taratibu, huku anatabasamu, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimehesabiwa kule kilikotoka. Bibi akafunga fundo lake. Hakugomba. Alitoka akipapasa ukingo wa mlango, na mimi nikamtazama akisubiri magari yapite ili avuke. Hapo ndipo mpiga picha alipomwambia mume wangu atabasamu. Akatabasamu. Hilo ndilo tabasamu unaloliona kwenye ule ubao mkubwa wa matangazo barabarani, ambao nao wewe uliniuliza habari zake.

Picha zilipokwisha, vijana walirudisha kila kitu kwenye matoroli. Mifuko ilikuwa imeacha alama kwenye vumbi la rafu, na mume wangu hakutaka nizifute.

Wenye maduka waliposikia, walimkasirikia kidogo, kisha hasira yao ikageuka kuwa mpango. Kulikuwa na sherehe ya kufunga mradi, wageni wakubwa wangekuja na kamera zao, na yeye kama mfano ndiye angepewa kipaza sauti. Wakakutana tena chumba cha nyuma. Misumari alimwambia hana haja ya kutukana mtu. Aeleze tu yale matoroli yalivyovuka barabara kwenda na kurudi, na alivyomnyima bibi unga, kisha ayataje yale maombi mawili. Nilikuwa nawapelekea maji nikamsikia akijaribu maneno yake. Sauti ilikuwa ikitetemeka mwanzoni, halafu ikakomaa. Miezi mingi ilikuwa imepita tangu nimwone amekaa wima namna ile. Mama Vifungo alimshonea vifungo vipya kwenye koti, bure, akasema siku hiyo asionekane kama mtu wa kuhurumiwa.

Kilichotokea ukumbini umekiona kwenye ile video. Alipanda jukwaani na lile koti. Wenzake walikaa safu moja nyuma, wametulia kama watu wanaosubiri matokeo ya hospitali. Akashukuru. Akashukuru mradi, akashukuru wafadhili, akawataja supamaketi kwa jina na kusema ni majirani wema, akasema maisha yake yamebadilika. Maneno yote yalitoka kooni, hata moja halikutoka moyoni, ila kamera hazijui tofauti. Misumari aliinuka, akaburuta kiti kwa makusudi, akatoka. Mama Vifungo alijifunika uso kwa mikono miwili. Wageni walipiga makofi.

Kesho yake mtu alikuwa ameandika kwa mkaa kwenye mlango wa duka: BEI MOJA AMEPATA BEI YAKE. Nilisugua kwa sabuni na maji ya moto, na maandishi yakafifia lakini hayakutoka. Watoto waliimbiwa maneno hayo hayo shuleni. Hata wale wachache waliokuwa wamebaki kwetu kwa huruma au mazoea, wakatuhama. Duka halikumaliza mwezi. Tulifunga asubuhi moja, tukatoa mizani, tukatoa kile kiti cha bure, tukamrudishia mwenye nyumba ufunguo wa mbele. Vyumba vya nyuma tunavyolala tulibaki navyo. Tulibaki navyo kwa sababu mimi nilipata kazi, na hii ndiyo habari ambayo sikuwahi kukwambia. Mimi ni keshia wa supamaketi. Navaa ile sare.

Najua unachofikiri, maana ndicho mtaa mzima unachofikiri. Wanasema mume wangu aliuza wenzake akaomba malipo yawe ni ajira ya mke. Sasa nisikilize, dada, kwa sababu hakuna mwingine anayejua hili.

Asubuhi ya sherehe nilivuka kununua rangi ya viatu vyake. Meneja akaniita pembeni, kwa upole kabisa, akaniketisha ofisini kwake. Akasema amesikia kodi imetushinda na tuna notisi ya kuhama. Alikuwa amesikia kweli, maana mwenye nyumba wetu ndiye mwenye jengo lao pia. Akasema ana nafasi moja ya keshia, na mtu anayejua kupima na kurudisha chenji kama mimi ni adimu. Kisha akaongeza kwamba anatumaini shughuli ya leo itapita kwa amani. Hakuongeza kitu kingine. Alinitazama tu, na mimi si mtoto. Nilielewa kila kitu, nikasema, "Nashukuru, nakubali." Sikuomba hata muda wa kwenda kumuuliza mwenzangu. Nilisaini palepale, kalamu yake, meza yake.

Nilirudi nikamkuta mume wangu mbele ya kioo anarudia maneno yake kimya kimya. Nikamfunga vile vifungo vya Mama Vifungo. Sikumwambia asiseme. Nilimwambia tu nimepata kazi, nikamtajia aliyenipa, nikamtajia na lile neno la amani. Mikono yangu ilikuwa bado kifuani kwake. Aliniuliza swali moja.

"Umeshakubali?"

Nikasema ndiyo.

Akaangalia mlango wa chumba cha watoto. Akasema, "Basi twende, tutachelewa."

Hakunilaumu njiani, na mpaka leo hajanilaumu. Siku hizi anapakia mizigo kwa yule bwana wa jumla. Wenye maduka wenzake wanakwenda kununua pale, anawabebea katoni mpaka kwenye mikokoteni yao, na hawamsalimii. Misumari humwelekeza kwa kidole pa kuweka mzigo. Mimi nao wananihurumia. Hilo ndilo linalonikata maini. Juzi Mama Vifungo alijipanga kwenye foleni yangu, yeye aliyeapa hataikanyaga sakafu ile, kisa tu anishike mkono. Akaniambia, "Pole, mwenzangu. Mwanamume anakuuza na wewe unakaa kwenye rafu." Nami, dada, nilipitisha sabuni yake kwenye mashine ikalia, nikamrudishia chenji, nikamwambia asante kwa kunielewa.

Usiku ule ilinishinda. Nikamwambia mume wangu nitakwenda kwa Mama Vifungo, nitakwenda kwa Misumari, nitawaambia wote kwamba aliyeuza ni mimi na yeye alilipa. Alikuwa anajipaka dawa ya mgongo. Hakugeuka hata kidogo. Alisema, "Ukisema, itafika kwa meneja wako kabla hujafika nyumbani. Watakufukuza. Na mimi nitakuwa nimetukanwa bure."

Nikanyamaza. Bado nimenyamaza. Kila siku nakaa pale, natabasamu kama tulivyofundishwa, na kila siku naona kwamba kunyamaza kunazidi kuwa rahisi. Nilichofanya asubuhi ile nakiogopa, lakini huu urahisi nauogopa zaidi.

Nisikilize ombi langu. Usinipigie mimi. Mpigie yeye. Mwite shemeji, kwa ile sauti yako ya utani, mwulize mgongo unaendeleaje, mgombeze kwa nini hajaja kukutembelea. Usimwambie kwamba unajua. Ataona tu kuna mtu mmoja duniani ambaye bado anazungumza naye kama zamani, na hilo mimi siwezi kumpa, kwa sababu akiniangalia anaona sare.

Nisalimie shemeji na wanangu wote, wakubwa kwa wadogo. Mwambie shangazi wa watoto wa upande wa pili kwamba salamu zake zilifika. Goti lako lipake mafuta ya moto kabla ya kulala na usibebe ndoo. Naiweka kalamu chini, zamu yangu inakaribia na sare haijakauka vizuri.

Ni mimi mdogo wako, ambaye kuanzia leo unamjua kuliko majirani zake wote wanavyomjua.